Shubiri Moja Chini ya Mlima

Asubuhi ile duka la picha lilifunguliwa kama siku zote. Dada Mkubwa alifagia kizingiti, mdogo wake akapangusa vumbi kwenye meza ya kukatia, na mpiga chapa, ambaye mtaa mzima ulimwita Wino kwa sababu ya kucha zake, akaiwasha mashine kubwa na kuipiga kofi la ubavu ili iamke vizuri. Kwenye kaunta palikuwa na chupa ya chai, vikombe vitatu na mkate uliofunikwa kwa sahani ili nzi wasitangulie. Mashine ikakohoa, ikatulia, kisha ikaanza kuutoa mlima.

Ulianza kutoka kwa juu. Ulitoka moshi mweusi, ukafuata moshi wa rangi ya shaba, halafu moto wenyewe, nguzo nzima ya moto iliyosimama juu ya kilele na kumwagika pande zote mbili. Nakala ilipofika nusu, siagi kwenye mkate ilikuwa imeyeyuka. Ilipofika robo tatu, Wino alivua sweta na kulitundika msumarini.

"Hii itauzika," alisema.

"Itauzika tu?" Dada Mkubwa aliuweka ufagio chini. "Hii itagombaniwa!"

Moyo ulimwenda mbio kwa furaha, maana alikuwa amechoka kuuza maua. Maua kwenye chombo, farasi wawili ufukoni, daraja kwenye ukungu: kila ukumbi mjini ulikuwa navyo, na watu hawakuwa wakiviona tena. Mlima huu ulikuwa jambo jingine. Aliyeuchora kwa rangi alikufa kabla babu zao hawajazaliwa, mmoja wa wale wachoraji waliopenda dhoruba, magofu na milima inayotapika moto, watu ambao ungewapa bakuli la matunda walichore, wangesinzia. Aliuchora ukilipuka usiku juu ya ghuba, na pembeni akauweka mwezi mdogo, kama mtu aliyekuja shereheni bila kualikwa. Dada Mkubwa alisema watu wanapenda kushtuka wakiwa wamekaa vizuri, na katika hilo hakukosea.

Wakaitandaza nakala mezani. Fremu zilikwishafika, shehena nzima, zimepangwa ukutani hadi darini, zote saizi moja. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba mlima umeizidi fremu kwa shubiri moja.

Vipimo vya fremu alivichukua Dada Mkubwa mwenyewe, nyumbani kwake. Alipanda juu ya kochi lake jipya akiwa na tepu ya cherehani, akapima kutoka mgongo wa kochi hadi kwenye fimbo ya pazia, akashuka, akapiga simu kiwanda cha fremu kabla tepu haijakunjwa. Alikuwa na hoja yake. Kochi kama lile lilikuwa karibu kila nyumba, kwa kuwa aliyeliona kwa jirani hakupata usingizi mpaka naye alinunue, na nyumba zenyewe zilijengwa na mkandarasi mmoja mwenye ramani moja. Alipima kochi. Hakupima picha.

"Dada, imezidi," mdogo wake alisema.

"Imezidi wapi?"

"Chini. Shubiri nzima."

"Chini kuna nini?"

Wote watatu wakainama. Chini kulikuwa na watu.

Walikuwa kwenye barabara ya mawe yenye ngazi, wanaukimbia mlima. Mzee mmoja alibeba kiti, kwa sababu kila mtu huokoa anachokijua. Mwanamume mmoja alimvuta mbuzi asiyetaka. Nyuma yao wote alikuwa mwanamke mwenye furushi kichwani, aliyegeuka nyuma na kuunyoosha mkono juu, kwa mtoto wa kike mwenye gauni la njano aliyebaki ngazi moja nyuma yake. Mtoto naye alikuwa ameunyoosha wake. Vidole vilikaribiana lakini havikushikana. Mchoraji aliwaacha hapo, bado kidogo tu.

"Hao watu wanachafua," Dada Mkubwa alisema. "Mtu ananunua moto, hanunui watu. Kata chini."

"Na mtoto?"

Dada alifikiri. "Mtoto abaki. Gauni lake linaendana na mito ya kochi."

Mdogo mtu aliitwa Mstari, kwa kuwa mkono wake ulikata ukanyooka hata bila rula. Alikuwa mtu mzima sasa, mwenye miwani na maoni yake, lakini mbele ya dada yake maoni hayo yalikaa mfukoni. Mama yao aliondoka kwenda kutafuta maisha, na maisha yakampata yeye, hakurudi. Dada, ambaye bado alikuwa anasoma shule ya msingi, alimfunga mdogo wake mgongoni kwa shuka na kwenda naye kila mahali, hata darasani. Mtoto alipotaka kushushwa hakulia. Alimgonga dada yake begani kwa kidole, ko, ko, ko, na Dada akamshusha. Haikutokea hata siku moja agonge asishushwe. Ndiyo maana Mstari hakuwahi kujifunza namna ya kumwambia dada yake hapana.

Akakishika kisu, akakata. Kisu kilipita katikati ya vidole vile bila kugusa hata ukucha, na shubiri ya chini ikaangukia kwenye kapu la mabaki.

Kabla ya saa sita watu walianza kutoka kapuni. Walitoka wadogo, wakarefuka walipokanyaga sakafu, wakajikung'uta vumbi la karatasi. Walikuwa na haraka. Yule mzee alipita na kiti chake akisema samahani, samahani, na Wino akasogeza miguu. Mwenye mbuzi aliuliza njia, akaonyeshwa mlango wa nyuma. Mbuzi akala pembe ya kalenda, akafuata. Mzee yuko mjini mpaka leo, ana kibanda cha kutengeneza viti karibu na kituo, na kazi yake haina lawama.

Wa mwisho alikuwa yule mwanamke. Yeye hakuelekea mlangoni. Alisimama kando ya kapu na furushi lake, ameinua uso, anatafuta kitu juu ya meza.

"Mwanangu yuko wapi?" alisema kwa sauti kubwa mno, kama watu waliozoea kuongea mlima ukinguruma.

"Yuko kwenye fremu," Mstari alimjibu.

"Fremu iko wapi?"

Fremu ilikuwa dirishani, na nje ya dirisha watu walikwishajaa.

Jamani, siku zile! Nesi wa zahanati alikuwa wa kwanza. Aliingia kuulizia kioo cha bafuni, akatoka amekumbatia volkano, kaishika kwa vitambaa viwili maana fremu ilikuwa ya moto. Jioni mlima ulilipuka ukumbini kwake wakati watoto wanakula, na mwanga ukafika mpaka jikoni. Mume wake, ambaye tangu kiwanda alichofanyia kazi kifungwe alikuwa mtu wa kutazama miguu yake tu, alisimama akapiga makofi. Majirani walisikia. Walikuja wakajipanga mlangoni, viatu mkononi, nyuso zimewaka, na mmoja akasema, "Hata sisi tuna ukuta." Kesho yake foleni ilianzia kaunta ikapinda kona ya duka la dawa.

Wino hakuizima mashine wiki nzima. Mlima ulitoka, ukatoka, ukatoka tena. Kinyozi aliutundika na kupashia taulo. Mwalimu mkuu alianikia mbele yake madaftari yaliyonyeshewa. Umeme ulipokatika mtaa wa juu, hakuna aliyewasha mshumaa. Nyumba zote ziliwaka wekundu madirishani, na watu wakatoka nje kuhesabiana, nani anao, nani bado ana farasi. Majivu yalidondoka kila jioni chini ya fremu, mepesi, ya kijivu, na wenye nyumba waliyafagia wakilalamika kwa kujivuna. "Majivu yananitesa," mtu alisema, ili aulizwe majivu gani. Dada Mkubwa alipita mitaani akiitwa Mama Volkano, na aliitika.

Jambo moja Wino aliligundua mapema. Baada ya ile nakala ya kwanza, shubiri ya chini ilikuwa inatoka tupu: barabara, mawe, na sehemu nyeupe zenye umbo la watu, moja ikiwa na umbo la mwanamke mwenye furushi. Aliifungua mashine, akaisafisha, akaifunga. Haikuwa na hitilafu. Watu walikwishatoka, na mtu hutoka mara moja. Akaendelea na kazi.

Yule mwanamke hakwenda popote. Alikaa kwenye kigoda kati ya marundo ya fremu, na kwa kuwa hakutaja jina lake wala la mtoto, akimwita "mwanangu" tu, walimwita Mama Njano kwa ajili ya lile gauni. Dada Mkubwa alimletea chai na andazi. Kisha, akiwa mtu asiyependa kuona mikono imelala, alimwambia asaidie kufunga mizigo. Mama Njano alikubali, maana kila mzigo ulikuwa na mwanawe ndani. Alifuta kioo, akaikunjia fremu karatasi ya kaki, akazungusha kamba, na kabla ya kukaza fundo aliuliza swali lilelile.

"Huyu anakwenda wapi?"

"Kwa mwalimu mkuu," Mstari alimjibu.

"Kuna watoto wenzake?"

"Wanne."

"Basi hatakuwa mpweke." Akakaza fundo.

Wiki ya pili nesi alirudi. Alisimama kaunta na sare yake, uso wa mtu asiyetaka kulaumu.

"Picha nzuri sana, sina neno," alisema. "Ila inagonga."

"Inagonga vipi?" Dada Mkubwa aliuliza.

"Ko, ko, ko. Hapa chini kwenye kona, huyu mtoto wenu. Mlima ukishalipuka, anaanza."

"Kwa nguvu?"

"Hapana, kwa adabu. Lakini taarifa ya habari hatuisikii."

Akafuata kinyozi, akafuata mwenye duka la dawa. Kila nyumba mtoto alikuwa ameshuka hadi pembeni kabisa, anapiga ubao wa fremu kwa vidole, pale ambapo barabara iliishia ghafla. Dada Mkubwa hakukosa dawa. Alinunua ukanda wa sponji, ule wa kuzibia milango, na tangu siku hiyo kila fremu ilibandikwa kipande kwa ndani, kwenye ubao wa chini. Kugonga kukawa kunasikika na mtu aliyenyamaza tu, na watu wengi wakiwa nyumbani hawanyamazi.

Mama Njano aliyasikia yote hayo akiwa kwenye kigoda. Siku hiyo alifunga mizigo mpaka jioni, akavaa viatu, akatoka kwenda kumtafuta mwanawe nyumba kwa nyumba. Alipokelewa vizuri kila mahali. "Karibu mama, karibu kiti, usisimame." Alisimama. Alikwenda mbele ya kioo, akaita kwa ile sauti yake kubwa, na mtoto hakugeuka, kwa sababu mtoto aliyechorwa hutazama alikotazamishwa, na huyu alitazamishwa chini, kwenye barabara. Kwa hiyo Mama Njano alikuwa akiketi sakafuni nyuma ya kochi, kichwa chini ya fremu, mahali barabara ingekuwa kama isingekatwa. Hapo mtoto alitulia. Mama aliponyanyuka kwenda nyumba nyingine, aliyebaki alianza tena.

Wenye nyumba waliona, wakasikitika kweli. Walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wakamwongezea chai. Hakuna aliyeiteremsha picha.

Mstari ndiye aliyeshindwa kula. Alikuwa akikata huku anamwona mama pembeni akikunja karatasi, na huruma aliyokuwa nayo ilikuwa na aibu chini yake, na aibu ndiyo iliyomuuma zaidi. Siku moja Dada Mkubwa alipokwenda kiwandani, Mstari alimfuata Wino.

"Nipigie moja nzima," alisema. "Sitaikata."

"Fremu je?"

"Nitaunga mbili."

Alizikata fremu mbili, akaziunganisha kwa gundi na misumari midogo, akapata moja yenye urefu wa kutosha. Wakaitundika ukuta wa nyuma wa karakana, ambapo hapakuwa na kochi wala pazia. Mlima ulikuwa wote, kuanzia moshi mpaka mawe ya barabarani, na kwenye mawe ile sehemu nyeupe yenye furushi. Mama Njano aliitazama muda mrefu.

"Nikiingia nitatoka?"

"Sijui, mama," Mstari alisema.

"Sawa. Swali lilikuwa la adabu tu."

Akachukua furushi lake, akapanda kwenye kigoda, akavuka ubao wa chini wa fremu kama anayevuka kizingiti. Alipungua, akajaa pale palipokuwa peupe. Halafu akafanya kitu ambacho mchoraji hakumpa nafasi ya kukifanya: alirudi hatua moja nyuma, akamshika mwanawe mkono. Mtoto akaacha kuutafuta ubao. Mstari alijikuta anacheka kwa sauti, anampiga Wino begani, na Wino alisema wino umemwingia machoni.

Mama ni mmoja, na sasa ilionekana kwamba mtoto naye alikuwa mmoja, ila alichapishwa mara nyingi. Jioni ile kugonga kulikoma mji mzima. Mlima uliendelea kulipuka uzuri uleule, majivu yakadondoka, taulo zikapata moto. Mtoto tu ndiye aliyeketi kwenye ngazi kila nyumba, mkono mmoja ameushusha kando, umefumba kitu ambacho wenye nyumba hawakukiona.

"Siku hizi hagongi," nesi alisema alipopita. "Mmemfanya nini?"

"Amempata mama yake."

"Ahaa! Nilidhani ameharibika."

Dada Mkubwa aliporudi na kuiona picha ya nyuma hakukasirika. Aliitazama, akatabasamu, akasema afadhali, sasa yule mama atapumzika. Kisha akauliza nani atafunga mizigo.

Zikaja wiki za raha. Mstari alirudi kula. Kila asubuhi, kabla ya kushika kisu, alikwenda ukuta wa nyuma kuwasalimia, na wao walikuwa na maisha yao mle ndani: mama ameketi kwenye mawe, mtoto kati ya magoti yake anasukwa nywele, jiwe la moto linapita juu na wao hawainui vichwa. Furushi lilikuwa limefunguliwa hatimaye. Ndani mlikuwa na sufuria, shuka, na gauni lingine la njano, kubwa kidogo, la kukulia.

Halafu karatasi zikaisha. Shehena mpya ilikwama bandarini, mashine ikazimwa, na nakala ya mwisho dukani ikanunuliwa na fundi bomba akiwa bado na bomba mkononi. Siku hiyohiyo Dada Mkubwa aliingia karakana akiwa amewaka kuliko mlima.

"Wakwe wanakuja Jumapili!" alisema. "Wazazi wa yule binti anayechumbiwa na mwanangu. Wote, na shangazi!"

"Hongera, Dada."

"Na mimi ukutani kwangu kuna nini? Farasi! Mama Volkano mzima, nina farasi!"

Ni kweli. Kila alipojiwekea nakala, mteja alitokea akabembeleza, naye akaiuza. Kinyozi hajinyoi. Sasa alielekeza kidole ukuta wa nyuma.

"Naichukua hiyo."

"Hiyo haiingii kwako, Dada."

"Najua. Utaikata."

Mstari alivua miwani, akaivaa tena. "Tusubiri karatasi."

"Zitakuja wakwe wameshakwenda."

"Sogeza kochi, basi."

"Lisogee liende wapi? Kushoto kabati, kulia mlango."

"Tuipandishe juu kidogo."

"Juu pazia. Pazia nililishonesha lifuate kochi."

"Kuna ukuta wa pili."

"Ukuta wa pili mgeni anaupa kisogo. Nimwambie mkwe wangu akae amegeuka?"

"Dada, hao ni mtu na mwanawe."

Dada Mkubwa aliitazama picha. Hakuwa mtu mbaya, na asiyemjua asimhukumu haraka. Machozi yalimlengalenga kweli. Alisogea, akamwekea mdogo wake mkono begani.

"Najua, mdogo wangu. Naona. Lakini yule mama ameshazoea. Na karatasi zikija utampigia nyingine nzima, arudi. Si siku chache tu? Mimi nimekuomba nini tangu nikulee?"

Hakuwa amemwomba kitu. Hilo ndilo lililokuwa gumu.

Mstari aliiteremsha picha, akailaza mezani, akagonga kioo kwa ukucha. Mama Njano aliinua macho. Mstari alimweleza yote: wakwe, farasi, kochi, pazia. Mama Njano alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kisu ni kilekile, akaambiwa ndicho. Akazikunja zile nguo, akalifunga furushi. Akamnyanyua mwanawe, akampandisha ngazi moja juu, akamnyoosha gauni, akamwambia kitu sikioni. Kisha akauachia mkono, akashuka, akasimama mahali pake pa zamani na kugeuka nyuma, mkono ameunyoosha, ili kisu kipate pa kupita.

Mstari aliomba mkono wake utetemeke. Haukutetemeka.

Mama Njano alitoka kapuni, akajikung'uta, akaenda kukaa kwenye kigoda. Karatasi ya kaki ilikuwa palepale alipoiacha. Alifuta kioo polepole, kona moja baada ya nyingine.

"Huyu anakwenda wapi?"

"Kwa Dada," Mstari alisema.

"Kuna jua kali ukutani?"

"Hakuna. Kuna pazia."

Mama Njano alichukua ule ukanda wa sponji, akaubonyeza kwa kidole gumba, akaukunja mara mbili kabla ya kuubandika kwenye ubao wa chini.

"Mara moja haitoshi," alisema. "Anajiumiza vidole."

Jumapili wakwe walifika na shangazi, na shangazi wa pili ambaye hakutajwa. Ukumbi ulinukia chai na sabuni ya sakafu. Picha ilikuwa imekaa juu ya kochi sawasawa, ubao wa chini umegusa mgongo wa kochi, ubao wa juu umegusa pazia, kidole hakipiti. Dada Mkubwa hakuweza kukaa kwa furaha. Alikuwa anazunguka na birika. Mlima ulipolipuka, vikombe vilicheza kwenye visahani, kuta zikawa nyekundu, na mkwe mwanamume, mtu mzito aliyekuja na uso wa kupima mambo, aliruka kwenye kiti na kupaza sauti, "Haya ndiyo maisha!" Shangazi wakapiga vigelegele. Yule binti alimshika mchumba wake mkono mbele ya wazazi, na hakuna aliyemkemea.

"Na gauni la mtoto!" mkwe mwanamke alisema. "Kama mliyashona na mito siku moja!"

Mstari alikuwa ameketishwa katikati ya kochi kati ya shangazi wawili, kikombe magotini. Shangazi wa kushoto alijinyoosha, akafumba macho kidogo.

"Dada, hili kochi lako linakanda mgongo?"

"Kweli," shangazi wa kulia alisema, akijisogeza vizuri. "Taratibu hivi. Tamu kweli. Mlilinunua wapi?"

"Ni picha hiyo!" Dada Mkubwa alisema, macho yanang'aa, kwa maana ndiyo kwanza alikuwa ameligundua. "Picha na kochi, pamoja! Karatasi zikifika tu, nawaletea na nyinyi."

Wote wakaegemea ili wakandwe. Mstari naye aliegemea, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kukaa vingine. Vilipita kwenye ubao, vikapita kwenye sponji iliyokunjwa mara mbili, vikapita kwenye mgongo wa kochi, vidole vidogo, bila kulia, ko, ko, ko, vikamfikia begani palepale ambapo zamani yeye alimgonga dada yake alipotaka kushushwa.

Dada Mkubwa alimwinamia na birika, uso wake mzuri umejaa furaha.

"Nikuongezee, mdogo wangu?"

"Kidogo tu," Mstari alisema, akainua kikombe.